Tyubu ya Kifuniko cha Rangi Gani?

Ukitaka kumkosesha raha mtafiti anayepima protini za mishipa ya damu, mwache kwanza amalize kukuonyesha grafu zake, kisha muulize: damu hii mliitoa kwenye tyubu ya kifuniko cha rangi gani, na ilikaa muda gani kabla ya kuingia kwenye sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha damu ili chembe zishuke chini? Wapo watakaokujibu hapo hapo. Wapo watakaofungua kompyuta na kuanza kupekua mafaili. Na wapo watakaokwambia, "Aa, hiyo waulize watu wa sampuli." Mimi ndiye mtu wa sampuli. Nafanya kazi kwenye maabara ya utafiti hapa Upanga, na swali hilo limenipunguzia marafiki kwenye vikao vingi.

Protini nitakayoisema leo ni moja tu, VEGF. Seli zikikosa oksijeni huitoa, na mishipa midogo iliyo jirani ikiipata huanza kuchipua kuelekea kule ilikotoka. Kidonda kinapopona inahusika. Mimba inapojijenga inahusika. Na uvimbe wa saratani, ambao nao una njaa ya damu, unaijua kazi hiyo kuliko wote. Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa kule Boston, aliandika mwaka 1971 kwamba uvimbe hauwezi kukua ukapita kiasi kidogo sana bila kujivutia mishipa yake wenyewe, na kwamba ukiikata njia hiyo unaweza kuudumaza. Wenzake wengi hawakumwamini. Mwaka 1983 Donald Senger na Harold Dvorak, nao wa Boston, wakaeleza protini waliyoipata kwenye majimaji ya tumboni ya simbilisi wenye uvimbe. Wao kilichowashangaza ni namna inavyoifanya mishipa ivuje. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake, katika kampuni ya Genentech huko California, wakaitambua protini inayoamsha seli za ukuta wa mishipa na kusoma jeni yake. Ikaja kubainika kwamba ya kuvujisha na ya kuchipusha ni kitu kimoja. Februari 2004 Marekani ikaidhinisha bevacizumab, kingamwili (yaani protini ya kinga inayokitambua na kukishika kitu kimoja) ya kuikamata VEGF, kwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana, na leo dawa za ukoo huo ndizo wanazochomwa jichoni watu wa kisukari ambao mishipa ya nyuma ya jicho imeanza kuota ovyo na kuvuja.

Kwa hiyo unaona kwa nini kila idara inaitaka. Watu wa saratani pale Ocean Road wana sababu, watu wa kisukari wana sababu, wakunga wana sababu yao kubwa nitakayoifikia, na wanaoshughulikia selimundu na dengue nao wamo. Lakini nenda kwenye dirisha la maabara ya hospitali yoyote hapa mjini, utaje VEGF. Hutaikuta kwenye fomu karibu na sukari na kreatinini. Ukiacha magonjwa machache adimu ambako madaktari wa nchi nyingine huitumia, kipimo hiki kimebaki cha watafiti, zaidi ya miaka 30 tangu protini ijulikane. Watu wakiniuliza kwa nini, hutegemea niseme teknolojia ni ngumu. Hapana. Teknolojia ya kuipima ni ya kawaida kabisa. Shida ni kwamba damu ikishatoka mkononi haikai kimya, na VEGF ndiyo inayopiga kelele zaidi humo ndani.

Nianze na hiyo teknolojia, maana ni kazi ninayoipenda.

Kiasi tunachokitafuta hupimwa kwa pikogramu, yaani gramu iliyogawanywa kwa trilioni. Hakuna mizani ya kitu hicho. Njia iliyofungua mlango ni ya Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa New York, ambao mwishoni mwa miaka ya 1950 walipima insulini kwa kutumia kingamwili na iodini yenye mionzi. Yalow alipewa Nobel mwaka 1977. Berson alikuwa ameshafariki. Mwaka 1971 Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm wakaiondoa mionzi, wakaweka kimeng'enya kinachotoa rangi, na hapo ndipo ELISA ilipozaliwa. Bila hatua hiyo, sidhani kama maabara za huku kwetu zingekuwa zinapima hata nusu ya tunavyovipima.

Sahani yenyewe ni ya plastiki na inatosha kiganjani. Ina vishimo 96, safu za herufi A mpaka H kwa namba 1 mpaka 12. Sakafu ya kila kishimo imeshapakwa kingamwili inayoitambua VEGF. Unaweka sampuli, kwa kawaida maikrolita 100 au chini yake, unafunika, unaondoka. Ukirudi baada ya saa mbili hivi, VEGF iliyokuwamo imenaswa chini, na kila kingine kinaelea. Unaosha. Kwenye kuosha ndipo mtu anajulikana kama ni fundi au ni mpita njia: anajaza vishimo mpaka ukingoni, anaigeuza sahani kwa mkupuo mmoja juu ya sinki, kisha anaigonga kifudifudi kwenye karatasi za tishu, kwa nguvu, mpaka karatasi inatoka kavu. Mwenye huruma na sahani hapati majibu mazuri. Inafuata kingamwili ya pili, iliyobeba kimeng'enya, inaishika VEGF kwa upande wa juu, ili protini ibanwe katikati ya mbili. Unasubiri tena, unaosha tena. Halafu unaweka kitendanishi cha rangi, ambacho kikiingia hakina rangi yoyote, na unabaki umekodoa macho. Vile vishimo vya kulinganishia, ambavyo kiasi cha VEGF yake tunakijua, huanza kugeuka bluu, chenye kiasi kikubwa kwanza, kisha vya kiasi kidogo, kisha sampuli moja moja, kila moja kwa kasi yake. Muda ukitimia unadondosha asidi ya salfuriki kwa mpangilio ule ule ulioanza nao, na bluu inageuka manjano papo hapo. Mashine inasoma mwanga wa nanomita 450, kompyuta inachora mchirizi wa viwango, na kila kishimo kinapewa namba yake.

Mgeni akiona hayo anadhani ugumu wote uko hapo. Kweli, Dar ina vituko vyake. Maelekezo ya vitendanishi yanasema "joto la chumba" na yanamaanisha nyuzi 20 na kitu; mwandishi wake hajawahi kukaa Upanga mwezi wa pili umeme ukiwa umekatika na jenereta ikichukua muda kuwaka. Kiyoyozi kikizima, vishimo vya pembezoni mwa sahani hupata joto kabla ya vya katikati, rangi inakimbia huko, na sampuli iliyopangwa kwenye safu ya A inaonekana ina protini zaidi ya ndugu yake aliyepangwa kwenye D. Ndiyo maana tunaweka sampuli za udhibiti pembeni na katikati, tunapima kila sampuli kwenye vishimo viwili, na ndiyo maana mashine ya kusomea ina betri yake ya akiba. Matatizo ya namna hii yanaonekana. Vishimo viwili vya sampuli moja vikitofautiana sana, unajua pameharibika, unarudia.

Yasiyoonekana ni yale yaliyotokea kabla ya sahani.

Tuzungumze habari za chembe sahani, zile chembe ndogo za kugandisha damu. Kila maikrolita ya damu ya mtu mzima mwenye afya inazo kati ya 150,000 na 450,000. Chembe sahani ni fundi anayezunguka mtaani na mfuko wake wa zana: akikuta bomba limepasuka anaumwaga mfuko wote pale pale, gundi, misumari na kila kitu. Ndani ya mfuko huo, kwenye vifuko vidogo viitwavyo chembechembe za alfa, imo VEGF, kwa sababu mahali palipojeruhiwa patahitaji mishipa mipya. Mwilini huo ni mpango mzuri. Kwenye tyubu ni balaa.

Tyubu ya kifuniko chekundu haina dawa ya kuzuia kuganda. Unaiacha nusu saa, damu inaganda, unazungusha, unachota seramu, yale majimaji yanayobaki juu. Lakini kuganda maana yake ni kwamba chembe sahani zote za kwenye tyubu hiyo zimedhani kuna jeraha na zimemwaga mizigo yao. Ukiichukua damu hiyo hiyo, mkono huo huo, dakika hiyo hiyo, ukaiweka kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau yenye EDTA, dawa inayoishika kalsiamu ili damu isigande, ukazungusha mapema, plazma utakayopata, yaani majimaji ya damu isiyoganda, itakuwa na VEGF ndogo zaidi. Kwa watu wenye afya seramu husoma mamia ya pikogramu kwa mililita, plazma ikisoma makumi. Huwa nawafanyia wanafunzi jambo hili kwa damu ya mmoja wao anayejitolea. Mwenye damu anaziangalia namba zake mbili, zilizopishana mara kadhaa, anauliza, "Sasa dada, yangu ni ipi?"

Swali zuri. Ile ya plazma inakaribia zaidi kinachoelea mwilini. Ile ya seramu kwa sehemu kubwa ni hesabu ya chembe sahani iliyovaa jina jingine. Hili lilishaandikwa kwenye majarida ya saratani ya Uingereza tangu mwaka 1998, kwa hiyo si siri, na bado kila mara naletewa andiko la utafiti lenye jedwali linalolinganisha wagonjwa wa nchi tatu, nchi mbili kwa seramu na moja kwa plazma, kwenye safu moja, kana kwamba ni mchele wa kilo moja moja.

Na plazma nayo si malaika. EDTA inazuia kuganda, haizilazi usingizi chembe sahani. Zikikaa juani kwenye meza ya dirishani, zikitikiswa, zinavuja taratibu, na namba inapanda kila saa inayopita. Maelekezo mengi yanataka damu izungushwe ndani ya dakika 30. Nani ameandika dakika 30? Mtu ambaye kliniki yake na sentrifuji yake ziko korido moja.

Hapa kwetu damu inaweza kutolewa Mbagala saa tatu asubuhi na ikapanda bodaboda. Barabara ya Kilwa ina tabia yake. Inayotoka Kigamboni ina uchaguzi wa pantoni au kuzunguka darajani. Inayotoka upande wa Magomeni mvua zikinyesha inategemea Jangwani pameamkaje. Pakijaa maji barabara inafungwa, na hapo hata mwendokasi hausaidii. Tyubu inapofika mlangoni kwetu ndani ya kiboksi cha barafu, kijana wa boda akiwa amelowa, "Dada, mzigo wenu huu, nisainie niwahi," saa tatu ile imeshakuwa saa sita. Kijana hana kosa lolote. Ametumwa kuleta damu, ameileta.

Na hiyo barafu ambayo kila mtu anadhani ndiyo suluhisho? Chembe sahani hazipendi baridi. Zikipoa hubadilika umbo na kuchokozeka. Benki za damu huzihifadhi nyuzi 20 mpaka 24, zikitikiswa polepole, wala haziwekwi kwenye friji pamoja na damu nyingine. Barafu inazisaidia protini nyingi, ila kuzifungia chembe sahani hai kwenye barafu na kuzipitisha kwenye mashimo ya barabarani ukitumaini zitatulia ni kujidanganya. Ipo tyubu maalumu ya kuzituliza, CTAD, yenye sitreti, theofilini, adenosini na dipiridamoli. Hiyo ndiyo inayoendana na barafu. Ni ya kuagiza, bei yake si ya EDTA, na inatakiwa isikae kwenye mwanga.

Njia ya bei nafuu ni nyingine kabisa: usiisafirishe damu, safirisha plazma. Sentrifuji ndogo ya mezani ikae kule kule kliniki, muuguzi atoe damu, azungushe, achote plazma ya juu bila kulamba ile tabaka nyeupe iliyo mpakani mwa plazma na chembe nyekundu, aiweke kwenye kichupa kingine, azungushe mara ya pili kwa kasi kubwa. Hii ya pili ndiyo wengi wanairuka. Mzunguko wa kwanza huacha chembe sahani nyingi zikielea kwenye plazma inayoonekana safi kabisa. Ukizigandisha hivyo kwenye friza, baridi inazipasua, na siku utakapoiyeyusha sampuli VEGF yao yote imo. Utaipima, utapata namba iliyotulia, vishimo viwili vinakubaliana vizuri, na namba ni uongo mtupu.

Ungeweza kusema: sawa, basi tutumie seramu, kosa liwe kwa wote sawasawa, tulinganishe wagonjwa na wazima. Nimeshawahi kuambiwa hivyo na watu wenye vyeo. Hoja hiyo ingesimama kama ugonjwa usingegusa idadi ya chembe sahani. Hebu tazama magonjwa ya hapa kwetu.

Selimundu. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nayo, na Muhimbili ina mojawapo ya makundi makubwa ya wagonjwa wanaofuatiliwa kwa miaka mingi. Chembe nyekundu zilizopinda huziba mishipa ya bandama mpaka bandama inasinyaa na kufa kidogo kidogo tangu utotoni. Bandama nzima huwa inahifadhi kama theluthi moja ya chembe sahani za mwili. Ikifa, hizo nazo zinaingia barabarani. Matokeo yake mgonjwa wa selimundu mara nyingi ana chembe sahani nyingi kuliko jirani yake asiyeumwa, na tena zimechangamka. Pima VEGF ya seramu zao, itakuwa juu. Je, ni mishipa inayolia au ni bandama iliyosinyaa? Seramu peke yake haiwezi kukujibu.

Sasa geuza upande wa pili. Dengue iliyotikisa jiji hili mwaka 2014, na tena 2019, inafanya mambo mawili kwa pamoja: inashusha chembe sahani na inavujisha mishipa. VEGF, mkumbuke, iligunduliwa kwanza kwa sababu ya kuvujisha. Kwa hiyo ni protini ambayo ungetamani sana kuijua kwa mgonjwa wa dengue siku ile homa inaposhuka na mishipa inapoanza kupitisha maji. Ukimpima kwa seramu, chembe sahani zake zimebaki chache, mizigo ya kumwagwa ni michache, na namba inaweza kutoka ndogo wakati plazma yake inasema kinyume. Kipimo kile kile, kosa lile lile, kwa ugonjwa mmoja linapandisha na kwa mwingine linashusha. Hapo "kosa kwa wote sawasawa" limekwenda wapi?

Kuna jambo la pili ambalo watu hawalipendi zaidi ya hili la tyubu, nalo ni kwamba kingamwili haioni protini nzima. Inaona kipande chake. Kikizibwa kipande hicho, kwa macho ya kingamwili protini haipo.

Wakunga na madaktari wa uzazi walijifunza hili kwa taabu. Kwenye kifafa cha mimba, miaka ya nyuma maandiko mengine yalisema VEGF inapanda, mengine yakaapa kwamba inashuka. Mwaka 2003 kundi la Ananth Karumanchi huko Boston likaonyesha kwamba kondo la nyuma la mama mwenye tatizo hilo hutoa kwa wingi protini iitwayo sFlt-1, ambayo inaelea kwenye damu na kuzikumbatia VEGF na ndugu yake PlGF mpaka mishipa ya mama inazikosa. Hapo fumbo likafunguka. Kipimo kinachohesabu VEGF yote, iliyo huru na iliyokumbatiwa, kinaona imepanda. Kinachohesabu iliyo huru tu kinaona imeshuka. Wote walipima sawasawa, ila hawakupima kitu kimoja, na wengine hawakuwa wamesoma karatasi ya maelekezo mpaka mwisho kujua kipimo chao ni kipi.

Kilichofuata ni cha busara: badala ya kung'ang'ana na VEGF, wakaanza kupima sFlt-1 na PlGF zenyewe, wakagawanya moja kwa nyingine. Mwaka 2016 utafiti mkubwa ukachapishwa ukionyesha kwamba kwa mama mjamzito anayeshukiwa, uwiano wa 38 au chini yake unaiondoa hofu ya kifafa cha mimba kwa wiki moja inayofuata, kwa uhakika mkubwa. Kipimo hicho kinaendeshwa na mashine kubwa za kujiendesha, kwa seramu ya kawaida, na hakisumbuliwi na kuganda kwa damu kama VEGF inavyosumbuliwa. Ukiniuliza ni kipimo gani cha ukoo huu ningetaka kukiona kimeenea kwenye hospitali za Temeke, Amana na Mwananyamala, nitakutajia hicho kabla sijamaliza kusikia swali.

Kwa wagonjwa wa saratani mambo ni yale yale kwa sura nyingine. Mgonjwa aliyepewa bevacizumab, VEGF yake ya jumla kwenye damu hupanda. Ndugu wakiona karatasi wanashtuka: dawa si ilikuja kuishusha? Dawa imeikamata, na ikishakamatwa haiondoki mwilini haraka; inajikusanya ikiwa imefungwa pingu. Iliyo huru ndiyo iliyokwisha. Daktari asiyejua kipimo kimehesabu ipi anaweza kuacha dawa inayofanya kazi.

Na kwa kuwa tumeshaanza kulalamika: vidonge vya nywele na kucha. Vimejaa Kariakoo na vinauzwa mpaka Instagram, vingi vina biotini kwa miligramu, mara nyingi ya mahitaji ya mwili. Vipimo vingi vya kingamwili hutumia biotini ndani yake kama gundi, na biotini ya mgonjwa inashindana na gundi hiyo. Kwenye kipimo cha kubana katikati, namba inatoka ndogo kuliko ukweli. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo, ikataja kifo kimoja kilichohusishwa na kipimo cha moyo, troponini, kilichosoma chini kwa sababu hiyo. Siku hizi fomu yetu ina mstari unaouliza kuhusu vidonge hivyo. Akina dada wananiambia ukweli nikiwauliza mimi. Daktari wa kiume akiuliza wanasema hawatumii kitu.

Juzi kati alikuja kijana anayesoma shahada ya uzamili, mstaarabu, "Shikamoo dada," kabla hata hajaingia mlango mzima. Ana boksi la seramu za watoto wa selimundu zilizobaki kwenye utafiti mwingine, zimekaa friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, vibali vyote anavyo, na msimamizi wake amemwambia apime VEGF kwa sababu sampuli zipo na vitendanishi vinaweza kuagizwa. Neno "sampuli zipo" limeua tafiti nyingi kuliko ukosefu wa fedha, nadhani. Kitu kipo kwa hiyo tukitumie.

"Picha kamili za damu zao za siku hiyo hiyo unazo?" nikamuuliza.

"Zipo kwenye mafaili dada, hatukuziingiza."

"Ziingize. Safu ya chembe sahani kwanza."

Seramu zile sikumwambia azitupe. Zinaweza kupimwa sFlt-1, zinaweza kupimwa PlGF, ambayo kwenye selimundu ina habari yake ndefu inayohusu mapafu na uboho, na hakuna haja ya kuzilazimisha zitoe ushahidi wa VEGF ambao hazinao. VEGF aichukue kwa watoto wachache wapya, siku za kliniki, tyubu ya zambarau, sentrifuji ikiwa chumba cha pili, mizunguko miwili, na saa ya kutoa na saa ya kuzungusha viandikwe kwa kalamu kwenye lebo ya kila kichupa. Achukue na nyekundu kwa watoto hao hao, apime zote mbili, agawanye tofauti yake kwa idadi ya chembe sahani aone kila chembe inabeba kiasi gani. Hilo ndilo swali ambalo mimi ningelisoma mpaka mwisho.

Akaniuliza kama msimamizi atakubali sampuli zipungue namna hiyo. Nikamwambia aje naye Alhamisi, mchana, baada ya sahani ya asubuhi kusomwa. Vitendanishi tutaagiza vya toleo moja, sahani zote kwa mpigo, kwa sababu matoleo mawili ya kiwanda kimoja hayasomi sawasawa, na mzigo ukifika uwanja wa ndege nitaufuata mwenyewe na kiboksi changu.